Nani Mwenye Timu? Mashabiki wa Edmonton na Mauzo ya Gretzky

Ndugu msomaji, bila shaka unaufahamu msimu wa usajili. Huna haja ya kuwa mpenzi wa Simba au wa Yanga ili uufahamu. Yatosha kupanda basi la asubuhi kwenda kazini, au kungojea zamu yako kwa kinyozi. Hapo utawasikia watu wazima, wenye familia na madeni, wakibishana kwa sauti juu ya nani aachwe, nani asajiliwe, na kocha yupi hajui kazi yake. Basi usidhani kwamba ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Leo ukurasa huu unakupeleka Kanada, katika mji wa Edmonton, ambako mabishano ya namna hiyo yalizuka mwezi Agosti mwaka 1988 na hadi leo hayajapata mwamuzi.

Mchezo wenyewe ni mpira wa magongo, lakini si ule wa majani tunaoufahamu sisi, ambao timu yetu ya taifa ilikwenda kuucheza katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Huu ni wa barafuni. Wachezaji huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini ya nyayo, na badala ya mpira hukimbiza kisahani kigumu cheusi, kinene kama andazi. Kila upande huwa na watu sita uwanjani pamoja na mlinda mlango. Kwa kuwa mbio zake huchosha upesi, wachezaji hupokezana zamu kila baada ya dakika moja au pungufu, na timu huvalisha watu 20 kwa mchezo mmoja. Ndiyo maana huko mashabiki hubishana juu ya mtu wa 18 katika orodha kwa ukali ule ule wanaobishania nahodha.

Edmonton ni mji wa kaskazini, katika jimbo la Alberta. Baridi yake ni ya kuogopesha, na uchumi wake ulikuzwa na mafuta yaliyogunduliwa Leduc, karibu na mji huo, mwaka 1947. Timu yao inaitwa Oilers, yaani watu wa mafuta, na iliingia katika ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini mwaka 1979. Kabla ya muongo mmoja kwisha ilikuwa imelitwaa Kombe la Stanley mara nne: 1984, 1985, 1987 na 1988. Mji ambao Wakanada wengi waliuona kuwa wa pembezoni ukawa ghafla kitovu cha mchezo unaopendwa kuliko yote nchini mwao.

Aliyeongoza mafanikio hayo ni Wayne Gretzky. Huyu ni mtoto wa fundi wa kampuni ya simu katika mji wa Brantford, na barafu ya kwanza aliyojifunzia ilimwagwa na baba yake uani nyuma ya nyumba. Hakuwa mkubwa wa mwili wala hakuwa na nguvu za kutisha. Alikuwa na macho. Alijua kisahani kitakuwa wapi kabla hakijafika. Katika msimu wa 1981/82 alifunga mabao 92, na katika ule wa 1985/86 alipata pointi 215, kwa kujumlisha mabao aliyofunga na yale aliyowatengenezea wenzake. Rekodi zote mbili hazijavunjwa. Alipotimiza miaka 18, tarehe 26 Januari 1979, alitia saini katikati ya uwanja, mbele ya watazamaji, mkataba wa miaka 21. Wakazi wa Edmonton walielewa kwamba kijana huyu atazeekea kwao.

Tarehe 26 Mei 1988, baada ya kulitwaa kombe la nne, Gretzky aliwakusanya wenzake wote, makocha na wahudumu, wakaketi barafuni wakapigwa picha pamoja na kombe. Tangu hapo mabingwa wote wa ligi hiyo hupiga picha ya namna hiyo. Kwa Gretzky ilikuwa picha ya mwisho akiwa na jezi ya Edmonton. Tarehe 9 Agosti, siku 75 baadaye, alikaa mbele ya waandishi wa habari, akajaribu kusoma maneno aliyoyaandika, akashindwa, akalia. Alikuwa amepelekwa Los Angeles.

Huko Amerika wao husema "kubadilishana wachezaji". Edmonton ilimtoa Gretzky pamoja na wenzake wawili, Marty McSorley na Mike Krushelnyski. Los Angeles ilimtoa Jimmy Carson, kijana wa miaka 20 aliyekuwa amefunga mabao 55 msimu uliotangulia, pamoja na chipukizi Martin Gélinas, na haki ya kuchagua wachezaji wapya katika raundi ya kwanza kwa miaka ya 1989, 1991 na 1993. Juu ya hayo yote, ilitoa dola milioni 15 za Marekani. Sasa wewe msomaji, unayejua maana ya kwenda sokoni, nakuuliza: mahali palipotolewa dola milioni 15, je, neno ni kubadilishana, au ni kuuza? Watu wa Edmonton hawakupoteza wakati kutafuta neno. Walisema kauzwa.

Hapana budi tueleze kidogo jinsi biashara hii inavyoendeshwa. Katika ligi hiyo, klabu inaweza kuuhamishia mkataba wa mchezaji kwa klabu nyingine bila kumwomba ruhusa, ila kama mkataba wenyewe una kifungu kinachokataza. Mtu huamka akiwa mwajiriwa wa mji mmoja, na jioni akawa mwajiriwa wa mji ulio umbali wa saa tano kwa ndege. Yeye hufunga mfuko wake akaondoka. Mkewe ndiye hubaki kufunga nyumba, kuwatoa watoto shuleni na kuwaeleza kwa nini rafiki zao hawatawaona tena. Mishahara ya wachezaji hawa ni mikubwa, na sisemi tuwalilie kama tunavyomlilia kibarua wa bandarini. Nasema tu kwamba mshahara mkubwa haumwondolei mtu uajiriwa wake.

Habari zilipoenea, nchi nzima ilitikisika. Mbunge wa upinzani, Nelson Riis, aliitaka serikali izuie mauzo hayo. Mwaka ule Wakanada walikuwa wakigombana juu ya mkataba wa biashara huria na Marekani, mgogoro uliotawala uchaguzi wa Novemba 1988, na wengi waliona kwamba Gretzky ni mfano wa yale wanayoyaogopa: kila kilicho kizuri kitavuka mpaka kwenda kusini kwenye fedha nyingi. Mjini Edmonton, sanamu ya matambara iliyofanana na mwenye timu, Peter Pocklington, ilichomwa moto. Katika baa, katika vituo vya redio vinavyopokea simu za wasikilizaji, katika barua kwa wahariri, swali likawa moja: ni nani aliyetutendea hivi?

Jawabu la kwanza lililotolewa, ndugu msomaji, lilikuwa ni mwanamke.

Gretzky alikuwa amemwoa Janet Jones, mwigizaji wa filamu wa Kimarekani, tarehe 16 Julai mwaka ule ule, katika kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu mjini Edmonton. Watu walijipanga barabarani kwa maelfu kuwashangilia, na magazeti yaliifananisha arusi ile na za wafalme. Siku 24 baadaye, baadhi ya wale wale waliorusha vigelegele walimtaja bibi arusi kuwa ndiye mwizi. Walisema hataki baridi, anataka kuigiza Los Angeles, amemgeuza mume wake. Bi Janet alikuwa mjamzito, na mtoto wao alizaliwa Desemba. Gretzky mwenyewe, mbele ya waandishi wa habari, alisema kuwa uhamisho huo utakuwa na manufaa kwake, kwa mkewe na kwa mtoto wanayemtarajia. Maneno hayo yakageuzwa kuwa ushahidi dhidi ya mke.

Lakini yaliyojulikana baadaye yanasema vingine. Kwa maelezo ya Gretzky mwenyewe, baba yake alimwambia usiku ule ule wa kushangilia kombe, mwezi Mei, kwamba klabu imekwisha kuzungumza na watu wengine ili kumtoa. Na alipokuwa bado katika siku za fungate, alipigiwa simu na Bruce McNall, mwenye timu ya Los Angeles, aliyekuwa amepewa ruhusa na Pocklington kuzungumza naye. Mtu hapewi ruhusa ya kumtongoza mchezaji ambaye hauzwi. Pocklington aliendelea kushikilia kwamba Gretzky ndiye aliyeomba kuondoka. Kwa upande mmoja ni kweli kwamba mwishowe Gretzky alikubali. Kabla hawajaingia kwa waandishi wa habari, mkuu wa timu, Glen Sather, alimwambia kwamba akitaka lisimamishwe, litasimamishwa, naye akakataa. Lakini mfanyakazi aliyekwisha kujua kwamba mwajiri anamtafutia mnunuzi hukubali kuondoka kwa moyo wa namna gani? Wasomaji wengi wa ukurasa huu watajibu swali hilo bila msaada wangu.

Na huyu mwajiri alikuwa nani? Wafanyakazi wa Edmonton walimjua kabla ya Agosti 1988. Pocklington ndiye aliyekuwa mwenye kiwanda cha nyama cha Gainers mjini humo. Mwaka 1986, kuanzia Juni hadi Desemba, wafanyakazi zaidi ya elfu moja wa kiwanda hicho walikuwa katika mgomo juu ya mishahara na marupurupu yao. Tajiri aliajiri watu wengine, akawaingiza kwa mabasi kupita katikati ya waliogoma. Polisi wakakamata mamia. Ulikuwa miongoni mwa migomo mikali kabisa katika historia ya jimbo la Alberta. Wakati wa mchana mtu aliweza kusimama langoni mwa kiwanda akimpinga Pocklington, na jioni akaketi uwanjani akiishangilia timu ya Pocklington. Hakuona kuwa anajipinga mwenyewe, kwa sababu katika moyo wake kiwanda kilikuwa cha tajiri lakini timu ilikuwa yake. Mauzo ya Gretzky ndiyo yaliyomwonyesha kwamba vyote viwili viko katika daftari moja.

Daftari hilo, kwa kweli, halikuwa zuri. Bei ya mafuta ilikuwa imeanguka mwaka 1986 na Alberta nzima iliumia. Mkataba mpya ambao Gretzky aliupata mwaka 1987 ungemruhusu baada ya miaka michache kuondoka akiwa huru, bila klabu kupata hata senti. Mfanyabiashara aliyeiangalia hesabu hiyo kwa utulivu angesema: uza sasa, wakati bei iko juu. Na hapa ndipo mashabiki wenyewe walipogawanyika, kwani wapo hadi leo wanaosema kuwa Pocklington alikuwa na roho mbaya lakini hesabu nzuri.

Hoja yao kubwa ni mwaka 1990. Hebu tuifuate, maana ni tamu. Carson, yule kijana aliyeletwa kuziba pengo, alifunga mabao 49 katika msimu wake wa kwanza Edmonton. Kwa mchezaji mwingine yeyote hayo ni mafanikio ya kujivunia. Kwake yalikuwa upungufu, kwa sababu kila bao lilipimwa kwa kivuli cha aliyeondoka. Mapema katika msimu uliofuata aliiacha timu, akisema hawezi tena. Novemba 1989 akapelekwa Detroit pamoja na mwenzake mmoja, na Edmonton ikapata watu wanne, wakiwamo Petr Klima, Joe Murphy na Adam Graves. Murphy na Graves wakapangwa pamoja na Gélinas, yule chipukizi wa Los Angeles, wakawa safu ya vijana iliyowachosha wapinzani kwa mbio. Kisha katika mchezo wa kwanza wa fainali dhidi ya Boston, Mei 1990, timu zikafungana hadi muda wa nyongeza wa tatu. Klima alikuwa amewekwa benchi sehemu kubwa ya usiku ule. Kocha John Muckler akamwingiza, naye akafunga. Edmonton ikalitwaa kombe la tano, bila Gretzky.

Tena mlinda mlango wa ushindi huo, Bill Ranford, aliyetajwa kuwa mchezaji bora wa mashindano, alikuwa ametoka Boston hiyo hiyo mwezi Machi 1988, katika mabadilishano ambayo hakuna aliyeyachomea sanamu. Aliyepelekwa Boston wakati ule, Andy Moog, alikuwa amechoka kungojea nyuma ya mlinda mlango mwingine, Grant Fuhr. Mwaka 1990 Moog alikuwa langoni kwa Boston, akimtazama Ranford akinyanyua kombe upande wa pili. Fuhr mwenyewe, kijana mweusi mzaliwa wa Alberta, mwaka 2003 alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi kuingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo.

Basi, husema upande huu, si mmeona? Gretzky alizaa Carson, Carson akazaa Klima na Graves, nao wakazaa kombe.

Mimi sikubali, na nitaeleza kwa nini. Uti wa mgongo wa timu ya 1990 ulikuwa ni watu walewale waliokua pamoja na Gretzky: Mark Messier aliyeushika unahodha, Jari Kurri, Kevin Lowe, Glenn Anderson, Esa Tikkanen, Craig MacTavish. Walishinda kwa mazoea waliyoyajenga kwa miaka kumi, na pengine kwa hasira pia. Zile haki tatu za kuchagua chipukizi hazikuisaidia Edmonton kitu. Ya 1989 iliuzwa kabla haijatumika. Aliyechaguliwa kwa ile ya 1991, Martin Rucinsky, aliichezea timu hiyo michezo miwili tu kabla ya kubadilishwa. Wa 1993 naye michezo yake haikuzidi miwili. Na dola milioni 15 hazikuonekana uwanjani. Mtu hawezi kuzivalisha viatu.

Mwenendo ule haukukoma. Mwaka 1991 Fuhr na Anderson walipelekwa Toronto, Kurri alikuwa amekwisha kuondoka, na mwezi Oktoba Messier akapelekwa New York. Wengine wakamfuata. Mwaka 1994 timu ya New York Rangers ililitwaa Kombe la Stanley baada ya kulikosa kwa miaka 54, na kati ya mabingwa hao saba walikuwa wamevuna makombe Edmonton kabla, Messier akiwa nahodha na Graves akiwamo. Shabiki wa Edmonton alikaa nyumbani akiwatazama wanawe wakishangilia katika nyumba ya watu.

Gretzky, kwa upande wake, hakupata kombe lingine. Mwaka 1989 Los Angeles iliitoa Edmonton katika raundi ya kwanza, michezo 4 kwa 3, baada ya kuwa nyuma 3 kwa 1. Mwaka 1993 ilifika fainali ikashindwa na Montreal. Alistaafu mwaka 1999 akiwa na mabao 894, rekodi iliyodumu hadi Aprili 2025 ilipovunjwa na Mrusi Alexander Ovechkin.

Lakini kama unataka kujua mashabiki walimhukumu nani, acha hesabu za makombe, uangalie matukio mawili ya mwaka 1989. La kwanza ni la mwezi Agosti. Mwaka mmoja baada ya mauzo, nje ya uwanja wa Edmonton ilisimamishwa sanamu ya shaba ya Gretzky akiwa amenyanyua kombe: sanamu ya mchezaji wa timu ya wageni. La pili ni la tarehe 15 Oktoba. Gretzky alikuja na Los Angeles akiwa karibu kuivunja rekodi ya pointi 1,850 ya Gordie Howe. Zikiwa zimebaki sekunde 53, Edmonton ikiongoza kwa bao moja, Gretzky akafunga, akaivunja rekodi na kuwanyima wenyeji ushindi kwa pigo moja. Uwanja mzima ulisimama ukamshangilia. Mchezo ulisimamishwa, wakampa zawadi, na Messier akawa miongoni mwa waliomkabidhi. Kisha mchezo ukaendelea, na katika muda wa nyongeza Gretzky akafunga tena, Edmonton ikafungwa. Sijapata kusikia kwamba kuna mtu aliyechoma chochote usiku ule.

Pocklington aliiuza timu yenyewe mwaka 1998. Ilipokuwa katika hatari ya kuhamishwa, watu zaidi ya 30 wenye uwezo katika mji huo na jirani walichanga fedha wakainunua ili ibaki. Wakaishika kwa miaka kumi, hadi mwaka 2008 ilipopita mikononi mwa tajiri mmoja, Daryl Katz. Ukilinganisha na klabu zetu kongwe, zilizoanzishwa miaka ya 1930 na watu wenye kadi na mkutano mkuu wa kupigia kelele, utaona kwamba miaka ile kumi ndiyo Edmonton ilipokaribia zaidi kuwa na timu ya wenyeji. Hata hivyo shabiki wa kawaida hakuwa na kadi wala kura. Alikuwa na tiketi.

Siku hizi mabishano yana hesabu nyingi zaidi. Tangu msimu wa 2005/06 ligi imeweka kikomo cha jumla ya mishahara ya kila timu, kwa hiyo shabiki hasemi tu kwamba fulani hafai. Husema fulani anakula kiasi gani cha kikomo, mkataba wake unakwisha lini, na nani aachwe ili nafasi ipatikane. Vijana wa shule huko hufanya hesabu hizi kwa kichwa, jambo ambalo walimu wao wangefurahi kuliona darasani.

Edmonton ina nyota mwingine sasa, Connor McDavid, aliyechaguliwa akiwa chipukizi mwaka 2015. Ameifikisha timu katika fainali za 2024 na 2025, na mara zote mbili ikashindwa na Florida. Mwezi Oktoba 2025 alitia saini mkataba mpya, na mji mzima ukapumua. Kisha watu wakausoma vizuri. Ni wa miaka miwili tu, unaomfikisha mwaka 2028. Wengine wanasema amewapa nafasi viongozi wajenge timu, kwa kuwa hakudai ongezeko la mshahara. Wengine wanasema ameacha mlango wazi. Sanamu ya Gretzky ilihamishiwa kwenye uwanja mpya mwaka 2016, na ili kuingia kwenda kumtazama McDavid, wengi hupita chini yake.